Jane Addams: mama aliyeonyesha majirani mlango wa kugonga



Kwenye biro yetu, karibu kila siku watu wanakuja na maswali yanayofanana. Mzee amerudi kutoka kambini Tanzania, watoto wake walibaki kule: sasa nani atamwangalia? Mama mjane anatafuta cheti cha kifo cha mume: aanzie kwa shefu wa kartie ao aende moja kwa moja komini? Kijana anasema avenyu yao ni giza, mitaro imejaa, watu wanaogopa kupita usiku. Maswali kama hayo hayajibiwi na mfuko wa unga. Mtu anataka kujua nani anafanya nini, mlango gani unagongwa, na nani atamsindikiza kama anaogopa kugonga peke yake.

Ndiyo sababu safari hii tumechagua maisha ya Jane Addams, mama wa Marekani aliyekufa mwaka wa 1935. Wengi wanamjua kwa sababu ya tuzo ya Nobel ya amani. Sisi tunapenda zaidi ile kazi yake ya kila siku, ya miaka zaidi ya arobaini, katika kartie moja ya maskini katika muji wa Chicago. Majirani zake walikuwa watu waliotoka mbali, hawakujua lugha ya ofisi wala desturi za muji. Sisi tumerudi kwetu, hatukwenda ugenini. Lakini mtu akirudi kisha miaka kumi na tano ya kambi, akute ofisi zimebadilika, majirani wamebadilika, hata njia ya shambani imebadilika, yeye naye ni sawa na mgeni.

Jane Addams alizaliwa tarehe 6 Septemba 1860 katika kijiji cha Cedarville, jimbo la Illinois. Baba yake alikuwa na kinu cha kusaga unga, tena alikuwa seneta wa jimbo. Mama yake alikufa wakati mtoto alikuwa na miaka miwili tu. Akiwa bado mdogo, Jane alishikwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, na mgongo wake ukabaki umepinda. Alimaliza masomo kule Rockford mwaka wa 1881, na mwaka huohuo baba yake akafariki. Alianza kusoma udaktari kule Philadelphia, lakini maumivu ya mgongo yalimlazimisha kuacha. Kwa miaka kadhaa alikuwa mtu mwenye elimu na mwenye mali kidogo ya urithi, asiyejua afanye nini na maisha yake. Kuna vijana wetu wenye diploma wataelewa hapo.

Njia aliiona katika safari ya Ulaya. Mwaka wa 1888 alitembelea Toynbee Hall, nyumba iliyo katika kartie ya maskini ya London. Watu waliosoma walikuja kuishi mule, wakawa majirani wa maskini, si wageni wa kupita na kuondoka. Akarudi Marekani na wazo hilo. Tarehe 18 Septemba 1889, yeye na rafiki yake Ellen Gates Starr waliingia katika nyumba ya zamani kwenye avenyu ya Halsted, Chicago. Nyumba ilikuwa imejengwa mwaka wa 1856 na tajiri mmoja aliyeitwa Charles Hull, njo maana ikaitwa Hull-House. Walipoikuta, upande mmoja palikuwa duka la wazika maiti, upande mwingine baa ya pombe. Kandokando waliishi Waitalia, Wajerumani, Wagiriki, Wairlandi, Wabohemia, na Wayahudi wa Urusi na Poland.

Hawakufika na programu iliyoandikwa tayari. Walianza na yale majirani waliomba. Walibaki na watoto wakati mama wako kiwandani, waliosha watoto waliozaliwa, walikaa na wagonjwa, walisaidia kutengeneza maiti kwa mazishi. Siku moja waliitwa kwa msichana aliyekuwa anajifungua bila ndoa. Wanawake wa jirani walikataa kumgusa, na wao wawili, Jane na mwenzake Julia Lathrop, wakampokea mtoto. Katika mwaka wa pili tu, watu karibu 2,000 waliingia katika nyumba ile kila juma.

Na mapema sana waligundua jambo ambalo sisi wa kazi hii tunaliona kila siku. Muji ulikuwa na hospitali. Ulikuwa na ofisi za msaada, makao ya wagonjwa wa akili, na sheria za kulipa mtu aliyeumia kazini. Lakini mtu wa kartie alizisikia tu kwa mbali, kama hadithi. Mjane hakujua bima ya mume wake inadaiwa wapi. Mke aliyeachwa hakujua kwamba sheria inaweza kumlazimisha mume kutoa chakula cha watoto. Familia ilinunua kitanda kwa mkopo, ikachelewa kulipa mara moja, na duka likaja kuchukua kila kitu. Basi Hull-House ikajiweka katikati. Waliwaelezea watu namna ofisi inavyofanya kazi, kisha wakaieleza ofisi maisha ya watu. Kazi hiyo ya pili watu wengi wanaisahau. Kumpa mama jina la ofisi ni rahisi. Kuhakikisha kwamba karani wa kule ataelewa shida yake ni kazi nyingine.

Lakini habari yenyewe, ikitolewa vibaya, inaweza kuua. Mama Jane mwenyewe alilisimulia hilo katika kitabu alichotoa mwaka wa 1910, na hakujificha. Ilikuwa kipindi cha baridi cha 1893 na 1894, uchumi wa Marekani umeanguka, watu maelfu hawana kazi. Baba mmoja waliyemfahamu siku nyingi, karani wa kupeleka bidhaa, alipoteza kazi, akaja mara kwa mara kuomba chakula cha familia. Kanuni ya msaada ilisema: kama kuna kazi yoyote mahali, mtu asipewe msaada mbele ya kuijaribu. Wakati huo muji ulikuwa unachimba mfereji mkubwa, na kazi ilikuwepo kule. Yule baba alieleza kwamba maisha yake yote amefanya kazi ndani ya nyumba, hataweza kuvumilia baridi ya nje. Mama Jane alimhurumia, lakini akashika kanuni. Baba yule akaenda. Alifanya kazi siku mbili, akashikwa na nimonia, na kisha juma moja akafa. Aliacha watoto wawili, na Mama Jane aliendelea kuwafuatilia miaka iliyofuata. Kila alipowaona alikumbuka kwamba huwezi kumsaidia mtu kwa kanuni peke yake kama hujui maisha yake na mazoea yake.

Tunaomba kila mwanachama anayekaa kwenye meza ya mapokezi asome hapo mara mbili. Jibu lilikuwa la kweli: kazi ilikuwepo, na kanuni haikuandikwa na mtu mubaya. Kilichokosa ni kumsikiliza mtu aliyekuwa anasema mwili wake unaweza nini na hauwezi nini.

Habari ya pili ni ya wazee. Siku moja majirani walikuja mbio kumwita Mama Jane: wafanyakazi wa serikali wamekuja kumchukua mama mzee Mjerumani, wampeleke kwenye nyumba ya maskini. Alipofika, akamkuta yule mama amejitupa juu ya kabati dogo la droo, kuukuu, amelikumbatia kwa nguvu zote. Kumtoa pale ilikuwa lazima wamtoe pamoja na kabati. Hakulia kama mtu; alitoa sauti kama mnyama aliyenaswa. Wanawake wa kartie walisimama mlangoni na hofu, kwa sababu kila mmoja wao alijiona mwenyewe akizeeka. Hapohapo wao na Mama Jane wakaahidi watamtunza, na wale wafanyakazi wakaondoka, tena wakiwa na furaha ya kupona kazi ile chungu.

Kabati lile lilikuwa na maana gani? Katika nyumba ya maskini mzee alipewa kitanda na chakula, lakini hakuruhusiwa kubaki na kitu chake mwenyewe. Mtu aliyeendesha nyumba miaka hamsini, kumnyima hata droo moja ya kuweka kitambaa chake ni kumwambia kwamba ameisha kuwa mtu. Kisha hapo Hull-House ikaanzisha desturi: kila wakati wa joto waliwaalika akina mama wazee kadhaa kutoka nyumba ya maskini, waje kupumzika majuma mawili mtaani. Walitembelea majirani wa zamani, walikunywa chai, walisikia nani ameoa na nani amezaa. Walirudi na habari za kusimulia kipindi chote cha baridi. Gharama ilikuwa ndogo. Julia Lathrop naye, alipowekwa katika baraza la jimbo mwaka wa 1893, alizunguka nyumba za maskini za wilaya zote 102 za Illinois, akaona mwenyewe namna wazee na wagonjwa wanavyolala.

Sasa tufike kwenye usalama wa mtaa. Kwetu ukitaja usalama, kila mtu anafikiri bunduki na polisi. Mama Jane alianza na takataka. Kartie ya 19 ilikuwa na masanduku makubwa ya mbao kandokando ya njia, yamejaa uchafu, watoto wakiyapanda na kuchezea ndani. Mwenye kontrati ya kusafisha alilipwa na muji lakini hakufanya kazi. Wanawake kumi na wawili wa kartie, wakishirikiana na wakaaji wa Hull-House, waligawana vichochoro, wakavikagua jioni kisha kazi zao za siku. Katika miezi miwili tu, Agosti na Septemba, walipeleka kwa idara ya afya ripoti 1,037 za sheria kuvunjwa. Hawakwenda kupiga kelele ofisini. Waliandika: njia gani, nyumba gani, siku gani.

Mwaka wa 1895 Mama Jane aliomba yeye mwenyewe kontrati ya takataka za kartie. Walimkatalia kwa kasoro ndogo ya karatasi, lakini maneno yakavuma mujini, na meya akamteua mkaguzi wa takataka, mshahara dola 1,000 kwa mwaka. Kila siku saa kumi na mbili ya asubuhi alitoka kuhakikisha wafanyakazi wamefika, akafuata mikokoteni mpaka mahali pa kumwaga. Alimlazimisha mwenye kontrati kutoka mikokoteni 9 kufika 13, na kutoka 13 kufika 17. Kuna njia nyembamba walichimba uchafu karibu sentimita 45, kumbe chini yake kulikuwa barabara iliyotengenezwa ambayo watu walisahau. Wanawake wengine wa jirani waliona haya, eti mama wa heshima anafuata takataka. Aliwaelewesha kwamba kama ni heshima kumuuguza mgonjwa wa homa, basi ni heshima pia kuondoa uchafu unaoleta homa. Katika orodha ya karties za Chicago zenye vifo vingi, kartie yao ilishuka kutoka nafasi ya tatu hadi ya saba.

Vita haikuishia hapo. Mwaka wa 1902 tifoide iliingia Chicago. Kartie ya 19 ilikuwa na mtu mmoja tu kwa kila wakaaji 36 wa muji, lakini katika kila vifo 6 vya tifoide, kimoja kilitoka mule. Wakaaji wa Hull-House walipita tena nyumba kwa nyumba, safari hii wakichunguza vyoo na mabomba, na karatasi zao zikaonyesha uzembe wa wakaguzi wa muji. Wengine walifukuzwa kazi.

Usalama wa watu wenyewe pia aliusimamia, hata pale ambapo haukumpa sifa. Septemba 1901, Rais McKinley alipopigwa risasi, polisi wa Chicago walimkamata mwandishi mmoja wa gazeti la wageni wenye siasa kali, wakamzuia kuonana na mwanasheria. Mama Jane hakukubali siasa ile. Lakini alikwenda kwa meya kudai kwamba mtu yule apewe haki yake ya kujitetea, akamtembelea mahabusu. Muji ulimkasirikia. Yeye aliona kwamba siku mgeni mmoja ananyimwa sheria, majirani wote wageni wanaacha kuiamini serikali, na mtaa ambao hauamini serikali hauleti habari kwa polisi hata pakiwa na mwizi wa kweli.

Mwaka wa 1908 yeye na wenzake walisaidia kuanzisha shirika la kulinda wahamiaji, likaongozwa na Grace Abbott. Wafanyakazi wake waliwapokea wageni kwenye stesheni za treni, hasa wasichana wanaosafiri peke yao, wakawasindikiza mpaka kwa ndugu zao, wakachunguza biro za uongo zilizouza kazi ambazo hazikuwepo. Ninyi muliopanda boti na lori za kurudi, munajua siku ya kwanza ya kufika ina maana gani. Siku ile matapeli wanafika mbele ya msaada.

Tuseme pia juu ya pesa, kwa sababu wafadhili wanatusoma. Nyumba ilianza na urithi wake mwenyewe, kisha wanawake wenye mali wa Chicago wakaongeza. Kufika mwaka wa 1907 Hull-House ilikuwa na majengo 13. Lakini si kila pesa iliingia. Wakati wa kupigania sheria ya viwanda, ile iliyopita mwaka wa 1893, wenye viwanda walitoa ahadi ya dola 50,000 kama Hull-House itanyamaza. Ilikataliwa. Safari nyingine ilikuja dola 20,000 za kujengea nyumba ya wasichana wafanyakazi, kutoka kwa mtu aliyejulikana kwa kuwalipa vibaya wasichana wa kwake. Nazo zikakataliwa. Aliona kwamba nyumba inayopokea pesa za kumziba mdomo haitaaminiwa tena na wale inaowatumikia.

Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza, alisimama upande wa amani. Mwaka wa 1915 aliongoza mkutano wa wanawake kule The Hague, na Marekani ilipoingia vitani mwaka wa 1917 hakubadilisha neno lake. Magazeti yaliyomsifu yakamtukana. Alivumilia miaka mingi ya kuitwa msaliti. Mwaka wa 1931 alipewa tuzo ya Nobel ya amani pamoja na Nicholas Murray Butler, lakini ugonjwa ulimzuia kwenda Oslo. Sehemu yake ya pesa aliipa shirika la wanawake wa amani. Alikufa Chicago tarehe 21 Mei 1935, mwili ukawekwa Hull-House, na maelfu ya majirani wakapita kumwaga. Alizikwa Cedarville.

Majengo mengi ya Hull-House yalibomolewa katika miaka ya 1960 kupisha chuo kikuu. Nyumba ya kwanza imebaki kama makumbusho. Shirika lenyewe liliendelea katika kartie nyingine mpaka Januari 2012, likafunga kwa kukosa pesa, kwa sababu lilitegemea sana fedha za serikali na hizo zilipungua. Nyumba iliyodumu zaidi ya miaka 120 ikaanguka kwa kutegemea kamba moja. Basi tunapowaambia wanachama walipe mchango wa kila mwezi, na MUSO isiache kasha jekundu la dharura likae tupu, hata kama mfadhili yuko, tusionekane tunasumbua.

Tunatoka na nini katika maisha haya? Sisi tumechukua mambo manne. La kwanza: kila kamati ya kartie iwe na orodha ya milango, imeandikwa kwa Kiswahili na kubandikwa mahali watu wanapita: nani anatoa cheti, kituo cha afya kinafungua saa ngapi, malalamiko ya usalama yanapokelewa na nani, na gharama halali ni franga ngapi. La pili: mtu akija kuuliza, tumsikilize mpaka mwisho mbele ya kumpa jibu, na kama ni mzee, mgonjwa ao mjane mwenye hofu, mmoja wetu amsindikize. La tatu: wazee wasio na watoto karibu waandikwe majina na kila mmoja apewe jirani wa kumtembelea, na kama mzee anahamishwa kwa ndugu, kitu chake anachokipenda kihame naye. La nne: siku ya salongo tusisafishe tu na kwenda nyumbani. Tuandike mtaro gani umeziba, daraja gani limeoza, avenyu gani haina taa, tupeleke kwa komini na tubaki na nakala yenye muhuri.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalongoja mradi mkubwa. Wale wanawake kumi na wawili walianza na karatasi, kalamu na miguu yao. Kamati za kartie zinaombwa kuleta orodha zao za milango na za wazee kwenye mkutano wa mwezi ujao.